Karani Aliyetuandika Shangwe

Karani hakuwahi kumuuliza mtu jina lake mara mbili. Ulikaa mbele ya meza yake, ukasema, naye akaandika. Kama ulimung'unya maneno kwa sababu ya aibu, au kwa sababu meno yamekwisha, shauri yako. Kama mtoto mgongoni alilia wakati unasema, shauri yako pia. Aliinua kichwa mara moja tu, akakuangalia kama mtu anayekadiria uzito wa gunia, kisha akainama na kalamu ikaanza kutembea. Akimaliza alipuliza wino, ingawa kalamu zenyewe zilikuwa zile za plastiki ambazo wino wake unakauka wenyewe.

Sisi watoto tulimwita Karani. Wazazi wetu walimwita Karani. Mkewe naye, chakula kikiwa tayari, alisimama mlangoni na kusema, "Karani, njoo ule." Nilikuwa mtu mzima, nimeshahamia Mpanda mjini, ndipo nilipojishtukia kwamba sijui anaitwa nani. Mtu aliyeandika majina yetu sote, na la kwake hakuna aliyelitaja. Hapa pia nitamwita Karani.

Kijiji chetu kiko mbele ya Kabungu, na kilikuwa kijiji cha watu wa kuja. Walikuja Wapimbwe, Wafipa, Wakonongo, Wasukuma na ng'ombe wao, kila mmoja na sababu zake, wengi kwa ajili ya tumbaku. Karani alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote kuanzia kwetu hadi mjini. Herufi zake zililala upande mmoja zote, kama mpunga uliopigwa na upepo. Kwa ajili ya mwandiko huo mwalimu mkuu alimwomba awaandikishe watoto wa darasa la kwanza. Katekista akampa daftari la ubatizo na la ndoa la kigango. Mtendaji akampa orodha ya kaya. Kwa hiyo karibu kila mtu wa kijiji kile alipita kwenye kalamu ya Karani mara tatu au nne katika maisha yake, na wengine mara ya mwisho walipita wakiwa wameshakufa.

Tatizo lilikuwa fomu. Fomu zilitaka majina matatu, na wazee wetu walikuja na mawili: la mtu mwenyewe na la baba yake. La ukoo lilikuwepo, lakini lilikuwa la kilugha, na si kila mtu alipenda kulitaja mbele ya watu wa makabila mengine wakamcheka. Karani alikuwa na dawa yake. Akifika kwenye kisanduku cha tatu na mtu anajikunakuna, alimuuliza, "Unatoka wapi?" Ukishataja, anaandika hapo hapo. Kisanduku kimejaa, fomu imekamilika, mwingine apite.

Ndivyo kijiji kilivyojaa watu wenye majina ya mahali. Na kwa kuwa Karani hakuuliza mara mbili, hata mahali penyewe palikosewa. Aliyetoka Kabungu akawa Kabugu. Aliyetoka Karema, kule ziwani, akawa Kalema, maana ulimi wa Karani haukutenganisha hizo herufi mbili hata angefanyaje. Watu wa Sibwesa wakawa akina Sibweza. Baba yangu alitoka Shanwe, ambako sasa ni kata ya hapa mjini, nyumba zimebanana na maduka kila kona, lakini enzi hizo, kwa maelezo yake, palikuwa na mihogo tu. Yeye aliandikwa Shangwe.

Mimi ni Shangwe tangu kubatizwa. Ni jina zuri kulisikia. Ila mimi ni fundi cherehani na nimepanga hapa hapa Shanwe, na kila nikienda kwenye ofisi yoyote mambo huwa ni yale yale.

"Jina la ukoo?"

"Shangwe."

"Mama, nimekuuliza jina, sijakuuliza unakaa wapi."

"Shangwe. Yenye g."

"Shanwe haina g, mama. Nakuandikia vizuri."

Na ananiandikia vizuri. Nina karatasi mbili za hospitali zenye majina mawili, na laini ya simu yenye jina ambalo si langu wala si la mtaa. Wenzangu wa kijijini ni hivyo hivyo. Kuna dada mmoja wa akina Kabugu, kila akiandika jina lake mtu anamwekea n kwa kalamu nyekundu, tangu shule ya msingi mpaka leo ana wajukuu.

Ajabu ni kwamba Karani mwenyewe alikuwa hawezi kuvumilia neno lililokosewa. Hapo ndipo watu walipochoka naye. Alikuwa na baiskeli ya kijani, na kwenye kikapu cha mbele alikuwa na kopo dogo la rangi na brashi. Akipita kwenye kibanda kilichoandikwa "CHIPSI MAYAYI HAPA," anateremka, anaegemeza baiskeli, anafuta ile y ya pili. Haombi ruhusa. Mwenye kibanda akitoka na mwiko kumuuliza anafanya nini, anamjibu, "Nakuondolea aibu." Kuna kinyozi alikasirika akampaka rangi yote ya kopo kwenye koti. Karani alivaa koti hilo hilo miaka mingi, na akiulizwa lile doa alisema ni kumbukumbu ya mtu aliyekataa kuelimika.

Koti lilikuwa la kaki, na ndani ya mfuko wa juu mlikuwa na kalamu tatu. Nyekundu hakumwazima mtu yeyote. Alikunywa chai bila sukari kwa sababu, alisema, sukari inafanya mkono utetemeke. Hakulewa, ila siku ya Pasaka alikunywa kikombe kimoja tu cha pombe, akaimba kwa sauti mbaya, mkewe akawa anacheka mpaka anakaa chini. Walikuwa hawana mtoto. Watu walilisema hilo pembeni, mbele yake hakuna aliyethubutu.

Alikuwa mkali na alikuwa mwema, na sijui hata leo vilikaaje pamoja. Watu wasiojua kusoma walimletea barua, baadaye wakamletea simu zenye meseji, awasomee. Hakudai kitu. Nakumbuka bibi mmoja jirani yetu, kijana wake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu. Ilikuja barua. Bibi akanituma nimsindikize, nilikuwa darasa la nne, nikakaa nyuma ya Karani na kuisoma begani kwake wakati yeye anaisoma kwa sauti. Barua ilisema kijana ameoa huko, harudi, na wasimsumbue tena kwa shida zao. Karani alisoma, "Mama shikamoo. Nakukumbuka sana. Kazi ni nyingi, nikipata nafasi nitakuja." Bibi akalia kwa furaha. Tulipotoka Karani aliniita nirudi, akanishika sikio, hakulivuta, alilishika tu.

"Umesoma?"

"Ndiyo."

"Hukusoma."

"Sikusoma, Karani."

Nilimpenda sana siku ile. Sikuwa na akili ya kuona kwamba mtu huyu haachi neno lipite mikononi mwake kama lilivyokuja.

Baba alikuwa rafiki yake. Baba hakujua kusoma wala kuandika, na kwake Karani alikuwa kama mganga au daktari, mtu mwenye kitu ambacho wengine hawana. Jumapili baada ya ibada Karani alikuja kwetu na redio yake, wakasikiliza mpira chini ya upenu, mama akawapikia wali na samaki wakavu wa ziwani. Karani alimwita mama shemeji. Alikuwa na sahani yake kwetu, ya bati, ya bluu, na mama hakumpakulia mwingine ndani yake.

Nilipojua kusoma vizuri nilimwonyesha baba cheti changu cha ubatizo. "Baba, hapa pameandikwa Shangwe. Sio Shanwe." Baba akaichukua ile karatasi akaigeuza huku na huku, kisha akaipeleka kwa Karani siku hiyo hiyo. Alirudi ameridhika kabisa.

"Karani anasema ndivyo linavyoandikwa," akaniambia. "Kusema ni kusema, kuandika ni kuandika."

Basi, tukaamini hivyo. Mpaka anakufa, baba alitamka Shanwe na kuamini kwamba kalamu ikilishika neno hilo linatoka Shangwe, kama unga unavyotoka ukiweka mahindi mashineni.

Miaka michache kabla hajafa walikuja vijana wa kupima mashamba, wakatembea mipakani na vifaa vyao, kila mwenye shamba apate hati yake ya kimila. Karani safari hiyo hakuwemo. Vijana walikuwa na fomu zao na kalamu zao. Mmoja akamuuliza baba majina matatu. Baba akasema kwa mdomo wake jinsi alivyosema siku zote, na kijana, ambaye Shanwe alikuwa anapajua, akaandika Shanwe. Baba akabonyeza dole gumba. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake jina lake kuandikwa kama alivyolitamka, na hakujua.

Shamba lilikuwa ekari sita: bonde la mpunga, na juu yake kipande cha mahindi ambapo nyumba yetu ilisimama. Baba alipofariki tulimzika hapo juu, pembeni ya nyumba, kama wanavyozikwa wengi kule. Karani ndiye aliyeandika msalaba. Aliandika Shangwe.

Hazikupita mvua mbili akaja mtoto wa baba mdogo. Huyu alikulia hapa mjini, na mwalimu aliyemwandikisha shule alijua kuandika Shanwe. Vyeti vyake vyote vilisema Shanwe. Alikuja na hoja nyepesi. Shamba ni la Shanwe. Yeye ni Shanwe, mtoto wa ndugu wa marehemu. Na huyu mama aliyemo ndani, cheti chake cha ndoa kinasema aliolewa na mtu anayeitwa Shangwe. Huyo Shangwe ni nani? Mjane wa Shangwe anadai nini kwenye shamba la Shanwe? Na sisi watoto wake, mimi na mdogo wangu wa kike, tulikuwa Shangwe vile vile.

Ukisikia unaweza kucheka. Sisi tulicheka, hata shauri lilipopelekwa kwenye baraza la ardhi. Kijiji kizima kilijua baba ni nani. Mama alipika siku ile ya baraza kama siku ya sikukuu, akijua tutarudi mchana kula na majirani. Lakini majirani waliopimiwa mashamba nao walikuwa na karatasi zao zenye matatizo, na kila mmoja aliogopa kufungua mdomo akaulizwa na lake. Wawili tu walisimama wakasema wanamjua mama ni mke halali. Wazee wa baraza wakasema maneno ya mdomo wameyasikia, ila karatasi zinapingana, na aliyeziandika yupo hai. Aitwe.

Karani alikuja na koti lake. Alikaa kwenye benchi la mbele, akafuta miwani kwa pindo la shati. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua.

Mwenyekiti akamwonyesha cheti cha ndoa. "Karani, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Hapa umeandika Shangwe."

"Ndiyo."

"Na hati ya shamba inasema Shanwe. Ni mtu mmoja, au ni watu wawili?"

Nje kulikuwa na watu wengi, wamejazana dirishani, akina Kabugu, akina Kalema, akina Sibweza, wote wanamtazama yeye.

"Mimi naandika ninachoambiwa," akasema.

"Hukukosea?"

"Miaka yote hiyo nimewaandika hapa. Kuna mtu aliwahi kuja kuniambia nimekosea?"

"Kwa hiyo uliambiwa Shangwe."

"Ninachoandika ndicho nilichoambiwa."

Mama alisimama. Hakupiga kelele. "Karani," akasema, "si ulikuwa unakula kwangu?" Mwenyekiti akamwambia akae, wakati wake wa kusema umepita. Karani hakugeuka.

Baraza likampa shamba mtoto wa baba mdogo. Tulirudi nyumbani chakula kimepoa, hatukukigusa.

Mtoto wa baba mdogo alimpa mama wiki mbili za kuondoka, na majirani wakamsifu kwamba ana huruma, wengine wangetoa siku moja. Nilimchukua mama kwa gari la mkaa, na godoro, na kuku wanne ndani ya tenga. Mdogo wangu alikuwa ameshaolewa Kigoma, akasema tukate rufaa. Tukaambiwa tuanze kwa kurekebisha majina, na kurekebisha majina kunataka kiapo cha mtu aliyekuwepo, na aliyekuwepo alikuwa Karani. Nilimfuata mara mbili. Mara ya kwanza mkewe alisema hayupo, na miwani yake iko mezani. Mara ya pili mkewe alitoka akanishika mkono tu, akalia. Nikaacha kwenda.

Mama alikaa na mimi Shanwe. Yeye aliyekuwa analima mpunga wa kula mwaka mzima na kugawia watu, akawa anapanda mchicha kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya ukuta wetu na mtaro. Maji ya mvua yakija yanaubeba. Anapanda tena. Watu wa mtaa wakimuuliza kwao wapi, alisema, "Mume wangu alitoka hapa hapa." Wakimuuliza ni wa nyumba ipi, alikuwa hajui. Hakuna aliyemkumbuka mtoto aliyeondoka hapo zamani kwenda kutafuta shamba.

Habari za Karani zilinifikia kwa vipande, kupitia watu wanaokuja mjini kushona sare za watoto. Walisema baada ya lile baraza aliacha kuandika. Akiletewa barua anasema macho hayaoni. Baiskeli aliiuza, lile kopo la rangi likakauka. Chama kilikuwa kimeshakufa siku nyingi, akawa analima tumbaku kama wengine, anachoma kuni kwenye bani la kukaushia tumbaku, anafyatua matofali ya watu. Akina Kalema nao walipoteza kitu, sikuelewa vizuri, kijana wao alikosa nafasi ya chuo kwa sababu ya r na l. Halafu nikasikia mkewe amefariki. Jioni mama akaniambia, "Yule mwanamke hakuwa na kosa." Hatukwenda mazishini.

Ilikuwa mwaka jana, kiangazi, asubuhi, nikiwa kibarazani nakata kitambaa, nikaona mzee amesimama juani upande wa pili wa barabara. Bodaboda zilimpita mbele na nyuma. Sikumtambua mpaka alipovuka. Koti la kaki lilikuwa halipo. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni iliyopauka, na suruali imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo, Karani," nikasema. Ilinitoka tu.

"Marahaba, Skola." Hakukaa, ingawa nilimsogezea kiti. "Twende nikaape."

"Ukaape nini?"

"Kwamba ni mtu mmoja."

Miaka tisa ilikuwa imepita. Nilitaka kumpiga kwa ile futi ya mbao niliyoishika. Badala yake niliweka mkasi chini, nikamwomba jirani aniangalizie cherehani, tukaenda. Alitembea polepole na kila tukipita kwenye ubao wa duka niliona macho yake yanausoma, yanasimama mahali, yanapita.

Ofisi ya wakili ina binti mmoja mbele, mpole, ana kucha ndefu na kompyuta. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu hawafanyi.

"Sawa," akasema. "Mzee, naomba kitambulisho cha taifa. Au namba tu."

"Sina," akasema Karani.

"Hukujiandikisha?"

"Nimejiandikisha mara tatu." Akainua mikono yake akamwonyesha. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mistari. Kuni, matofali, ile tumbaku inayonata. "Mashine inakataa. Inasema hakuna mtu."

Binti aliviangalia vile vidole muda mrefu. Akauliza kama ana kitambulisho kingine chochote. Hakuwa nacho. Akauliza uamuzi wa baraza ni wa lini, nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Dada, nisikudanganye. Hata akiapa leo, muda wa rufaa ulishapita zamani sana. Mtaomba kuongezewa muda, mtaulizwa sababu, mtasema shahidi. Na shahidi hana utambulisho, na alishasema kinyume."

"Naweza kuandika kwa mkono wangu," akasema Karani. "Naandika vizuri."

"Kuandika unaweza, baba. Ila haitasaidia."

Tulitoka. Nilimnunulia maji ya kunywa dukani, akayashika bila kuyafungua. Nikadhani sasa ataaga. Akasema, "Nipeleke kwa shemeji."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele kwenye ungo. Alimwona Karani anaingia, akaendelea kuchambua.

"Karibu, Karani."

"Ahsante, shemeji."

"Pole na msiba wa mkeo."

"Nimeshapoa."

Nikamletea kigoda. Alikaa, magoti juu, ile chupa ya maji katikati ya miguu. Nilimwambia mama tulikotoka na tulichoambiwa. Hakushangaa. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa mtaroni.

"Sikukosea," Karani akasema.

Mama akamtazama.

"Nataka ulijue hilo. Wengine niliwakosea, nilisikia vibaya. Mumeo sikumkosea. Aliniambia Shanwe, nikasikia Shanwe. Nikaona hilo sio neno. Nikaona ni watu wa porini wamekula herufi. Nikamrekebishia. Alipokuja na cheti kuniuliza, nilijua. Nikamwambia ndivyo linavyoandikwa."

"Na siku ya baraza?"

"Siku ya baraza wote walikuwa dirishani. Nikaona nikisema hili moja, watakuja wote. Nitabaki nani?"

Mama aliweka ungo chini. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona mpaka nilipomwona amekaa mbele ya mtu wa rika lake.

"Sasa unaniambia mimi ili nifanye nini?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua kweli.

Karani alihangaika na kifuniko cha chupa, vidole vikateleza, akaacha. "Nilianza kwake," akasema baadaye. "Kabla ya kuja huku. Nilipita shambani jana, nikasema nimwambie yeye kwanza, hapo alipolala. Nikazunguka nyumba. Nyumba wamebomoa, shemeji. Nikatafuta ule msalaba. Nikahesabu hatua kutoka kwenye kisima, maana mahali napajua, nilikuwepo." Akatikisa kichwa. "Sikupaona. Wamelima mpaka pale. Wamelima pote."

Mimi nilisimama. Sikumbuki nilisimama kufanya nini. Mama alinionyesha kwa mkono nikae.

"Wamepanda nini?" akauliza.

"Mahindi. Wameshavuna. Mabua bado yamesimama."

"Yalizaa?"

"Inaonekana yalizaa vizuri."

Mama akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeulizwa kitu akakiafiki. Akavuta ungo, akauweka tena mapajani, akaendelea kuchambua mchele. Karani alikaa pale pale. Kuku walipita kati yao. Mama alipoona hanyanyuki, akamwambia bila kuinua kichwa:

"Nenda, Karani. Gari la huko linaondoka mapema."

Akanyanyuka, akaiacha ile chupa ya maji kwenye kigoda, akaenda.